Solfa, Mistari Mitano na Mkono Wangu wa Kushoto

Vijana wangu, tangu mniingize kwenye kundi lenu la wapiga kinanda, simu yangu haitulii, na mimi mwenyewe situlii. Juzi mligombana tangu asubuhi, nami nikawasoma mpaka uji ukaniungulia jikoni. Mmoja anasema solfa ni ya wazee wa vigangoni, kwenye vikanisa vya vijijini, imepitwa na wakati. Mwingine anamjibu kwamba nota za mistari ni za kujionyesha tu, mbona kwaya za Uluguru zimeimba kwa solfa miaka yote na Mungu alisikia? Wa tatu akatuma picha ya kinanda kilichobandikwa vibandiko vya rangi, akasema hivyo ndivyo watu wanavyojifunza siku hizi, nyie wengine endeleeni kubishana. Nilicheka peke yangu mpaka binti yangu akatoka chumbani kuuliza kama niko salama.

Niko salama sana! Nimekaa barazani hapa Kihonda na daftari, nawajibu. Kwenye simu siwezi, vidole vyangu vimezoea vitufe vikubwa zaidi.

Mnaniita Bibi Teodora, na wengi mnajua nilipiga kinanda na kufundisha kwaya miaka thelathini na minane kwenye parokia moja milimani, juu ya Matombo. Msichokijua ndicho nitakachowaambia leo. Ila nitafika polepole, maana hata Misa haianzi na komunyo.

Kwanza wale wageni kwenye jambo hili. Solfa huandika wimbo kwa herufi: d ni do, r ni re, m ni mi, na katikati kuna nukta na vistari vya kupima muda. Juu ya karatasi unaambiwa do ianzie kitufe gani. Nota za mistari ni vile vichwa vyeusi na vyeupe vilivyokaa juu ya mistari mitano. Kichwa kikipanda, sauti inapanda. Kwenye karatasi ya kinanda kuna makundi mawili ya mistari: ya juu ni ya mkono wa kulia, ya chini ni ya mkono wa kushoto. Shikeni hilo la mkono wa kushoto.

Aliyenianzisha ni katekista wetu, Mwalimu Kolumba, Mungu amrehemu. Alikuwa mkali, mwembamba, na alikuwa akijua mara moja nani kwenye besi amekuja bila kufanya mazoezi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa aliponikabidhi kinanda cha parokia, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate upepo. Mimi na akili zangu nikaona kazi ni rahisi. Nikakata vikaratasi, nikaandika do, re, mi, mpaka mwisho, nikavibandika kwenye vitufe kwa uji mzito wa muhogo. Yule kijana wa vibandiko vya rangi asidhani amegundua kitu; mimi nilimtangulia, na vyangu vililiwa na mende.

Lakini mende hawakuwa tatizo. Tatizo ni kwamba do yangu ilikuwa imebandikwa mahali pamoja, na nyimbo haziko hivyo. Karatasi ikisema do ianzie chini kidogo ili soprano wapumue, mimi naanzia pale pale penye kikaratasi changu. Jumapili ya kwanza soprano walipanda mpaka mishipa ya shingo ikaonekana. Baada ya Misa Mama Skolastika, aliyekuwa akiwaongoza, akanifuata kwenye chumba cha sakristia.

"Teodora mwanangu, unatupeleka wapi?" akasema. "Leo nimeimba mpaka nimeona nyotanyota. Nikidondoka pale mbele, nani atawapikia watoto wangu?"

Mwalimu Kolumba hakunigombeza. Alichukua kitambaa chenye maji, akabandua vikaratasi kimoja kimoja, akaniambia: "Do haina nyumba, binti. Leo inalala hapa, kesho pale. Mpiga kinanda anaifuata iliko." Kisha akanipa adhabu ambayo nawaombea na nyie: Kwaresima nzima nikapiga wimbo mmoja tu, kila siku nikiuanzia kitufe kingine. Vidole vilivimba, lakini ilipofika Pasaka niliweza kuushusha au kuupandisha wimbo wowote bila kufikiri.

Kwa hiyo nyie mnaotegemea kile kitufe cha kinanda cha umeme kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe, nawacheka. Mwaka jana nilialikwa harusi ya Mkuyuni. Mpiga kinanda, kijana mtanashati kweli, alikipandisha kitufe hicho kwa ajili ya wimbo wa kuingilia, akasahau kukirudisha. Wimbo wa pili, yeye kashika palepale pa siku zote, kinanda kinalia juu huko! Besi wakawa tenori, tenori wakawa alto, na soprano wakaamua kukaa kimya kabisa. Bibi harusi akadhani ndiyo mtindo mpya, akapiga makofi.

Solfa naipenda, nasema wazi. Nimefundisha akina mama waliofika mazoezini wametua vikapu vya kabichi mlangoni, wengine hawajawahi kugusa kinanda maishani, na jioni moja tu sauti zote nne zikaingia. Inaingia masikioni na inakaa. Unaweza kuiandika ubaoni kwa chaki, hata kuituma kwa ujumbe wa simu. Ila ina ugonjwa wake: inategemea vialama vidogo. Kale kamstari kadogo kanakosema do hii ni ya juu na ile ni ya chini, ukitoa fotokopi ya fotokopi kanapotea. Na nukta huongezeka zenyewe! Kigango kimoja waliimba mwaka mzima wimbo wenye kigugumizi kwenye neno "Aleluya". Nilipoiomba karatasi yao nikakuta nusu pigo lililowasumbua ni kinyesi cha nzi. Walikuwa wamekiimba kwa uaminifu mkubwa. Basi dawa yake ni hii: kabla hujafundisha, imba karatasi yote peke yako, na kila inapokushangaza, itafute karatasi ya kwanza iliyoandikwa kwa mkono.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Parokiani tulikuwa na kitabu kikubwa cha nota za mistari, jalada jekundu, kilichoachwa na mapadri wa zamani. Kila Jumapili nilikiweka wazi mbele yangu kwenye kinanda. Waumini waliniona nakigeuza kurasa, wakasema Teodora ni msomi. Ndani ya kitabu, jamani, nilikuwa nimechomeka karatasi yangu ya solfa! Mistari ya mkono wa kulia niliweza kuisoma kwa kudonoadonoa. Ya mkono wa kushoto sikuijua. Nilikuwa nakisia. Miaka yote ile, nakisia.

Ndipo akaja Prisila, mjukuu wa yule yule Mama Skolastika. Alianza kwangu akiwa na miaka kumi na miwili. Sikio lake! Ukipiga wimbo mara moja anaurudia, na sauti ya alto anaitunga mwenyewe. Hata ile Kwaresima ya Mwalimu Kolumba nilimpitisha, akaimaliza bila kununa. Siku moja alikifungua kile kitabu chekundu akakikuta kimejaa vichwa vyeusi.

"Bibi, nifundishe na haya."

"Hayo ya wasomi," nikamjibu. "Wewe una solfa, inakutosha."

Sikumwambia hivyo kwa kuwa naamini. Nilimwambia hivyo kwa kuwa ningemfundisha angenigundua. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nilificha huku mtoto wa watu akikua.

Alipomaliza kidato cha nne nilikuwa nimeshastaafu na kuhamia hapa Kihonda. Akanipigia simu anahema. Kuna chuo cha muziki kinachukua vijana wa kusomea ualimu, usaili ni baada ya mwezi mmoja. Baba yake, ambaye hapendi kinanda wala kelele zake, alikuwa amekubali ajaribu mara moja tu. Akikosa, anakwenda Dar kwa shangazi yake kukaa dukani, na habari ya muziki iishe.

"Wanataka nini kwenye usaili?" nikamuuliza.

"Kusoma nota za mistari, Bibi. Mikono yote miwili, karatasi ambayo hujawahi kuiona."

Nilikaa chini palepale jikoni. Miaka yote aliyokuwa kwangu ningeweza kumpa kitu hicho, na nilimnyima kwa aibu yangu.

Akaja kukaa kwangu. Nikampeleka kwa Sista Editha, mtawa wa mjini anayefundisha kinanda, mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Tulikwenda Jumanne na Ijumaa. Mimi nilijifanya nimemsindikiza tu. Siku ya kwanza Sista akaniambia, "Mama, wewe ni mwalimu, hebu tupigie mistari hii minne tusikie." Nikashika bega. "Sista, bega hili linanisumbua." Na Prisila akadakia haraka, "Linamsumbua tangu juzi, Sista." Nikajisemea, mtoto ana huruma huyu.

Lakini vijana, yale aliyoyafundisha Sista Editha siku ile yaliniwasha! Mnaosema solfa na mistari ni maadui, sikilizeni. Sista hakumwambia Prisila asahau solfa. Alimwambia aitafute do kwenye mistari. Tazama zile alama za kupandisha sauti zilizoandikwa mwanzoni: ya mwisho upande wa kulia ni ti, basi do iko hatua moja juu yake. Zikiwa alama za kushusha, ya mwisho ni fa. Ukishaipata do, angalia imekaa wapi. Ikiwa juu ya mstari, mi iko kwenye mstari unaofuata na so kwenye mstari wa juu yake. Ikiwa kwenye nafasi kati ya mistari, wote watatu wanakaa kwenye nafasi. Basi! Unaacha kuhesabu kichwa kimoja kimoja, unaona umbo, unaimba. Nilitaka kuruka kwenye kile kiti! Do ile ile isiyo na nyumba, Mwalimu Kolumba angeiona pale juu ya mistari angeikumbatia.

Prisila aliidaka siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza kulia, ya pili kushoto, na Ijumaa ile Sista akasema mkono wa kushoto ni safi kabisa.

Kosa ni kwamba kati ya Ijumaa na Jumanne kuna Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, na siku hizo nilikuwa nazo mimi. Sikuweza kukaa kimya. Nimfundishe mtoto miaka yote halafu dakika ya mwisho niwe mtazamaji? Nikakaa kando yake, nikaanza kumrekebisha mkono wa kushoto. Nilikuwa nasoma mistari ya chini kana kwamba ni ya juu, wakati alama ya mwanzoni ni tofauti na kila kitu kimesogea. Palipokuwa na do mimi nasema la. Palipokuwa na so nasema mi.

"Hapo la, Prisila."

Alisimama kidogo. "La, Bibi?"

"La. Huoni?"

"Ndiyo, Bibi." Akapiga la.

Sikio langu lilikataa. Wimbo wa furaha ulikuwa unalia kama matanga. Nikalinyamazisha sikio, nikajiambia huenda ndiyo ladha ya nyimbo za Ulaya. Siku tatu mfululizo tulifanya hivyo, mimi nikigonga mapigo kwa kijiko cha mbao, yeye akipiga nilichosema.

Jumanne ikafika. Prisila akaanza kupiga mbele ya Sista, mkono wa kushoto ukavurugika. Akaanza upya, ukavurugika tena, mahali pengine. Ilibaki wiki moja na siku mbili.

"Prisila," Sista akasema, "Ijumaa mkono huu ulikuwa safi. Kimetokea nini?"

"Samahani, Sista."

"Samahani haisomi nota. Umefanya mazoezi?"

"Kila siku, Sista."

"Na nani?"

Mtoto alitazama vitufe. Hakunitazama mimi hata kidogo.

"Peke yangu," akasema.

Vijana wangu, nimezika mume, nimedondoka na pikipiki kwenye matope ya barabara ya Matombo, lakini moyo wangu haujawahi kwenda mbio kama pale. Binti huyu si mtu wa uongo, na sasa alikuwa ameusema mara ya pili ndani ya nyumba ya masista, kwa ajili yangu. Nikaona kabisa duka la shangazi yake, nikamwona amekaa ndani yake.

Nikasimama. "Sista, mtoto hasemi kweli. Alifanya na mimi. Mistari ya mkono wa kushoto mimi siijui. Sijawahi kuijua. Nimemharibu mwenyewe."

Sista Editha akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena.

"Kumbe bega haliumi, Mama?"

"Haliumi, Sista."

"Basi sogea hapa. Benchi ni refu."

Nikakaa kando ya mwanafunzi wangu, na umri huu, nikaanza do ya mkono wa kushoto. Prisila alinishika kidole cha mwisho, akakisogeza kwenye kitufe chake. Sikuona uchungu, nasema kweli. Niliona kama nimetua mzigo wa kuni.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, "Ulijua nakosea?"

"Nilijua, Bibi. Tangu ile Jumamosi."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje, Bibi? Wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu anamwambiaje bibi yake amekosea?" Akatembea kidogo, kisha akasema, "Nilipanga nyumbani nipige ya kwako, na siku ya usaili nipige ya Sista. Vidole vikachanganyikiwa."

Nilisimama katikati ya njia nikamkemea kwa mara ya kwanza maishani. Nikamwambia shikamoo namdai, maji ya kuoga namdai, kunipisha kiti namdai, lakini la pasipo na la simdai. Akacheka mpaka akalia, na mimi vilevile, watu wakatushangaa.

Kuanzia siku hiyo tulijifunza wawili. Nikikosea ananiambia. Mwanzoni alikuwa anasema "Bibi, naomba radhi" kabla ya kila kosa langu, na makosa yalikuwa mengi mpaka nikamwambia radhi zote nimeshampa kwa jumla.

Siku ya usaili niliketi nje ya chumba, kwenye ukumbi, karibu na dirisha. Wenzake walikuwa wamevaa vizuri na wana mabegi ya vitabu. Zamu yake ikafika. Akaanza, akafika mstari wa tatu, akasimama. Niliuma ncha ya khanga. Kisha nikamsikia anaimba kwa sauti ndogo, do, mi, so, fa, akiutafuta wimbo mdomoni kwanza. Akaanza tena tangu mwanzo na akapita pale. Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea chini yake, na mimi huku nje vidole vyangu vinatembea gotini, najua kila ulipokanyaga. Miaka thelathini na minane, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia besi nikaiona kwenye mstari wake!

Halafu sauti ya mwanamume ndani ikasema, "Mwimbaji wetu ana mafua, hafiki juu. Utafanyaje?" Nikasikia wimbo wote umeanza upya, umeshuka hatua moja, mikono yote miwili. Wale wa mabegi pale ukumbini wakatazamana. Mistari walikuwa wanaijua kuliko yeye, lakini hakuna aliyewahi kupewa Kwaresima ya Mwalimu Kolumba.

Mchana wakabandika majina mlangoni. Nilisukumana na vijana wenye nguvu kuliko mimi. La Prisila lilikuwa la mwisho kabisa, chini, karibu na pini. Nilipiga vigelegele mle ukumbini mpaka mlinzi akaja mbio.

Kwa hiyo msiniulize tena kama solfa au mistari. Anzeni na ile mnayoweza kuimba leo, na kesho mkaitafute nyingine, wala msingoje mpaka usaili uwakute. Na anayewafundisha, mkimwona anakisia, mwambieni. Mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni.

Prisila amehitimu, ana darasa lake mwenyewe. Jumamosi hupitia hapa kwangu, na kabla hata hajanywa maji hufungua ukurasa mpya, mistari yote kumi, akanisimamia nyuma. Juzi nilikuwa napiga najisikia kweli, nikaona mkono wake umepita juu ya bega langu na kugonga kidole changu cha kushoto.

"Besi, Bibi. Rudia hapo."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema, nikarudia.